Meno Manne ya Saverio Obwona

Nyumba za Reli, Nsambya, Kampala
29 Agosti 1976

Fundi Ambroise,

Salamu nyingi. Ukiniuliza habari za mdomo, nitakuambia mdomo haupo tena, umebaki uvimbe wenye masharubu. Leo ni siku ya tisa tangu unilaze kwenye kile kiti cha kinyozi pale Namuwongo, ukanitoboa taya na kunipigilia vigingi viwili vya chuma. Bado sijui nilale upande gani. Nikilala kushoto, kigingi cha kushoto kinapiga ngoma. Nikigeuka kulia, cha kulia kinaitikia.

Ulisema maumivu ni ya siku nne. Kwani siku zenu Wakongo zina saa ngapi?

Nakunywa uji kwa kijiko cha mtoto. Kazini, hapo stoo, nimesema nina jino bovu. Awiti, karani mwenzangu, akacheka, "Mzee Saverio, jino bovu unalitoa wapi, na mbele huko chini hakuna kitu?" Nikacheka naye, na kule kucheka kukanitoa machozi.

Lakini usifikiri nimejuta. Namkumbuka Ogwal wa karakana. Yeye, kama mimi, aling'olewa meno manne ya mbele chini akiwa mtoto, kwa desturi ya kwetu kaskazini. Na siku hizi unajua mambo yalivyo: mtu wa kwetu anasomwa mdomoni kabla hajatoa kitambulisho. Ogwal akanunua meno, lakini yale ya kuvua na kuweka kwenye glasi. Pale kwenye kizuizi cha barabara ya Jinja, askari akamwambia, "Wewe, fungua mdomo." Akafungua. Askari akasukuma kwa kidole, meno yakamwangukia mkononi. Walicheka sana, kisha wakampakia kwenye gari, na mpaka leo mkewe anauliza kila ofisi. Ndiyo maana nilikuambia nataka meno yasiyotoka kwa kidole cha mtu yeyote.

Uliondoka siku ya tatu bila kuaga vizuri. Sikulaumu, najua karatasi zako zilikwisha muda. Mama Hortense anasema kila mwezi anapita mpakani Bunagana na vitenge vyake, na kwamba barua ataishona kwenye pindo. Basi nijibu. Je, uvimbe huu ni wa kawaida?

Wako mwenye mdomo,
Saverio Obwona


Bukavu
16 Septemba 1976

Mzee Saverio,

Kwanza jambo la jina. Usiandike tena Ambroise. Huku kwetu majina ya ubatizo yamepigwa marufuku, sasa mimi ni raia Mushagalusa tu, na mama yangu aliyenibeba kwenda kubatizwa anachungulia dirishani kabla hajaniita. Kwa hiyo si wewe peke yako unayeficha kitu.

Uvimbe wa siku tisa siupendi, lakini nimewahi kuuona. Sukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mara nne kwa siku. Karafuu iweke karibu na ufizi, usiitafune. Sigara acha. Waragi acha, hata ule unaouita dawa. Usiviguse vigingi kwa ulimi, najua unavigusa. Yule daktari Mbelgiji aliyenifundisha kazi hii alikuwa akisema mfupa ni kama mama mkwe: mgeni anamtazama miezi mitatu kwanza, halafu akimkubali, hamwachi tena. Miezi mitatu, Mzee. Mfupa ukishakishika chuma, nitakuja nikufungie meno juu yake.

Na meno nimeanza. Nilimimina plasta kwenye ile nta uliyoiuma siku ya kwanza, na taya lako la chini liko hapa mezani kwangu, na pengo lake. Seti ya kwanza nimeivunja kwa nyundo. Yalikuwa mazuri mno, yamejipanga kama askari wa gwaride. Mtu wa miaka arobaini na sita hana meno ya namna hiyo, na askari mwenye akili angeshangaa. Sasa nachonga mengine. La pili kutoka kushoto nimelipinda kidogo, limemwegemea jirani yake, na yote nimeyatia rangi ya chai na tumbaku. Utayapenda.

Barua hizi zichome. Na usimwambie mtu, hata wa damu yako.

Mushagalusa


Nsambya
10 Oktoba 1976

Fundi,

Kigingi cha kushoto kinatoa usaha. Wiki hii nimekuwa na homa siku tatu, na harufu ya mdomo wangu inanichukiza mwenyewe. Hospitali kubwa iko hapa hapa kilimani, paa lake naliona nikiwa mlangoni. Lakini nikienda, masista wataniuliza hivi vyuma ni vya nini, nami nitawajibu nini? Kwa hiyo nakaa nyumbani na chumvi yangu.

Mke wangu Adong na watoto niliwapeleka Kitgum tangu mwezi wa tano, hilo unalijua. Nyumba iko kimya, na mtu mwenye maumivu kwenye nyumba iliyo kimya anakumbuka mengi. Ngoja nikuambie. Siku niliyong'olewa nilikuwa na miaka kumi. Alikuja mzee mmoja na chuma chembamba. Kaka yangu Olanya ndiye aliyenibana kichwa kati ya magoti yake, akaninong'oneza, "Ukilia, nitaona haya mimi." Sikulia. Yalipokwisha alinibeba mgongoni mpaka kwa mama, akamwambia, "Huyu sasa ni mtu wa kwetu." Damu yangu ilimchuruzika shingoni, wala hakuifuta. Baadaye akanifundisha kupiga mluzi kupitia lile pengo, mluzi wetu wawili, wa kuitana machungani.

Sasa, Fundi, mimi mtu mzima nimelia kama mtoto kwa kurudishiwa kitu ambacho nilitolewa bila kulia. Nauona uchungu wa taya, lakini nauona na mwingine, na huo chumvi haiusafishi. Najiuliza mama akiniona atasemaje.

Nataka kumwandikia Olanya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na kama unaweza kuja, njoo uvitoe. Nimechoka. Nitabaki na pengo langu, na Mungu atajua la kufanya na mimi.

Saverio


Bukavu
28 Oktoba 1976

Mzee wangu Saverio,

Mama Hortense amebeba vidonge vya penisilini ndani ya kopo la sabuni ya unga. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, mpaka viishe, hata ukijisikia umepona. Homa itashuka siku ya tatu.

Kuvitoa, hapana. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikivitoa sasa nitakuachia mashimo mawili yenye usaha na pengo lile lile, halafu upite nalo kizuizini. Na nikuambie ukweli wangu pia, maana wewe umeniambia wako: sitaki kuvitoa. Meno yako yamekwisha. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, hata yule Mbelgiji asingeyajua. Nikiyatazama hapa mezani nafurahi kama mjinga.

Kuhusu kaka yako, nakusihi, nyamaza. Ukimwambia Olanya, atamwambia mkewe, na mkewe atawasimulia wenzake kisimani. Siri ya meno ikitoka haina meno tena. Mambo yatakapotulia utakwenda nyumbani, utafungua mdomo, na wote mtacheka.

Nakuja mwisho wa Novemba. Kula uji, uvumilie.

Mushagalusa


Nsambya
9 Januari 1977

Fundi mkubwa,

Heri ya mwaka mpya. Kaa chini kabla hujasoma.

Nimekula muwa! Wiki sita tangu unifungie meno, na Jumapili iliyopita nimenunua muwa sokoni Nakasero, nikaumenya kwa meno yangu ya mbele, nimesimama pale pale kati ya wauza matunda. Mama mmoja alinitazama akadhani nina wazimu, maana nilikuwa natafuna huku nacheka. Hakuna maumivu. Usaha umekauka, ufizi umekuwa wa waridi. Kukiwa na baridi tu ndipo upande wa kushoto unanikumbusha.

Sasa habari yenyewe. Alhamisi nilitumwa Jinja kuhesabu vipuri. Kizuizini wakatushusha wote. Askari, kijana, macho mekundu, akanifikia.

"Mzee, wewe natoka wapi?"

"Kampala, afande. Kazi ya reli."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akainama, akatazama. Akatia kidole, Fundi, kidole chenye grisi, akasukuma. Akasukuma tena. Nilisikia mapigo ya moyo wangu kwenye vile vigingi vyako. Akasema, "Hii meno yako nachafu sana, mzee. Nunua dawa ya meno." Akanipa kitambulisho bila kulisoma jina. Nilipanda basi. Mungu akulipe wewe na mikono yako.

Ila Krismasi sikwenda nyumbani. Nilimwandikia mama kwamba kazi ni nyingi. Hapakuwa na kazi. Nilifunga mzigo, nikajitazama kwenye kioo, nikaufungua tena. Mluzi wetu nimejaribu kuupiga, unatoka hewa tupu. Nilisema nitamwonyeshaje Olanya mdomo huu, yeye aliyenibeba? Wakati mwingine naona nimewakana. Nimeamua kwenda Pasaka. Nitamweleza kila kitu uso kwa uso, wala usinikataze.

Barua zako zote nimezichoma kama ulivyotaka, ingawa ile ya mama mkwe niliionea huruma.

Ndugu yako,
Saverio


Bukavu
22 Februari 1977

Mzee Saverio,

Nimesikiliza redio siku tano, na kila anayevuka kutoka huko anasimulia jambo moja: watu wa kaskazini wanakamatwa na hawarudi. Acha kazi. Acha na nyumba. Usingoje Pasaka. Njoo na huyu Mama Hortense anayekuletea karatasi hii, anaijua njia na watu wa njiani. Kwangu kuna chumba na kitanda. Familia itafuata.

Asipokukuta ataipitisha chini ya mlango. Ukiisoma tu, ondoka. Nakungoja.

Mushagalusa


Misheni, Kitgum
24 Aprili 1977

Kwa Bwana Mushagalusa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujuani. Mimi ni Olanya, katekista, kaka mkubwa wa Saverio Obwona. Kiswahili nilijifunza jeshini zamani za Mwingereza, kwa hiyo unisamehe makosa. Namshukuru mama yule wa vitenge kwa kukubali kuibeba barua hii.

Mwezi wa tatu tulipoona Saverio yuko kimya, nilishuka Kampala kumtafuta. Nilifika nyumbani kwake, nikapiga mluzi mlangoni kama tulivyozoea tangu utoto. Hakujibu mtu. Jirani akanifungulia. Chini ya mlango nikaikuta barua yako, haijafunguliwa. Nimeifungua mimi, nisamehe na hilo. Umeandika "njoo, kuna chumba na kitanda." Bwana, barua hiyo imetutia uhai.

Maana wengine walisema mengine. Dada Awiti wa pale stoo aliniambia kuwa watu walikuja ofisini na karatasi ya majina, wakaanza kusoma kwa sauti, na jina la Saverio lilikuwamo. Alipoulizwa yuko wapi, Awiti akasema amekwenda chai. Tangu hapo hajamwona. Wengine wanasema walimkamata njiani, wengine wanasema alipata habari akakimbia.

Mtu mmoja akanishauri nikatazame chumba cha maiti. Nilikwenda. Sitakuandikia yote niliyoyaona. Mlinzi wa pale alikuwa na huruma, akanionyesha mmoja, akasema, "Mzee, tazama huyu, amefanana na wewe." Uso haukuwapo tena, kwa mambo waliyomfanyia. Nguo hana. Urefu ulikuwa wa Saverio. Mikono ilikuwa ya Saverio. Nikamwambia mlinzi, mimi ninayo njia ya kumjua ndugu yangu, mimi mwenyewe nilimshika kichwa siku alipong'olewa. Nikamfungua mdomo. Bwana Mushagalusa, meno ya chini yalikuwa yamejaa yote.

Mimi si mjinga. Nimesikia kuna watu wanaovaa meno ya kununua. Nikatia kidole, nikasukuma. Nikashika, nikavuta kwa nguvu zangu zote, Mungu anisamehe kumfanyia maiti vile. Hayakutikisika hata kidogo. Tena jino moja lilikuwa limepinda kidogo na kumwegemea mwenzake, na yote yalikuwa na rangi ya chai, meno ya mtu aliyezaliwa nayo kabisa. Nikamwambia mlinzi, "Huyu si wetu." Akasema, "Basi atazikwa kesho na wale wasio na wenyewe." Nilitoka nje nikacheka peke yangu barabarani, watu wakanipisha. Yule marehemu namwombea kila Jumapili, maana najua naye ana ndugu wanaomtafuta.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama, Alanyo, kwamba mwanawe yu hai na yuko Kongo kwa rafiki yake. Alikuwa ameacha kula, akaanza kula tena. Kila jioni anamtengea Saverio sahani, anaifunika, asubuhi anawapa watoto wa Saverio. Adong naye ameshona suruali mpya za kumpelekea.

Sasa nakuomba, mwambie atuandikie mstari mmoja tu. Kama ananyamaza kwa sababu hakuja Krismasi, mwambie hatuna kinyongo. Kama kuna jambo amelifanya linalomtia haya, mwambie kaka yake amelisamehe kabla hajalijua.

Nangoja jibu lako.
Olanya, katekista


Bukavu
19 Juni 1977

Kaka Olanya,

Barua yako nilipewa tarehe kumi na nne Mei. Mama Hortense amekwenda Kampala na kurudi bila jibu langu. Nilimwambia sijamaliza kuandika. Nilikuwa sijaanza.

Saverio hakufika kwangu. Yule mtu uliyemfungua mdomo ni Saverio.

Nalijua hilo kwa sababu meno yale niliyaweka mimi. Ndiyo kazi yangu, mimi ni fundi wa meno. Mwaka jana mwezi wa nane nilimtoboa taya, nikapigilia vigingi viwili vya chuma, na mwisho wa Novemba nikamfungia meno manne juu yake. Aliniomba meno yasiyotoka kwa kidole, kwa sababu ya vizuizi. Lile la pili kutoka kushoto nililipinda kwa makusudi ili lionekane la kuzaliwa. Rangi ya chai niliitia kwa makusudi. Ulisukuma, ukavuta, hayakutikisika. Usijilaumu, kaka. Yalitengenezwa ili mtu kama wewe asiyajue, ila hatukukusudia awe wewe.

Sasa nikuambie kosa langu, maana kaka yake ana haki ya kulijua. Aliumwa sana. Katikati ya maumivu aliniandikia kwamba anataka kukuambia. Aliandika mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nikamkataza. Nilisema siri itafika kisimani. Aliniomba pia nivitoe vile vyuma, nikakataa, na nilikataa kwa sababu mbili: nilimhofia, na nilikuwa naipenda kazi yangu. Ya kwanza naweza kuiungama kwa padri. Ya pili naishi nayo. Nilimficha vizuri mno, Olanya. Hata kifo hakikumuumbua. Na wale waliomchukua hawakumtazama mdomo, walisoma karatasi.

Jambo la haya unalolisema ni hilo tu. Hakuja Krismasi kwa sababu hakujua akuonyesheje mdomo wake. Alikuwa amefunga mzigo, akaufungua. Aliniandikia jinsi ulivyombeba, na damu yake shingoni mwako ambayo hukuifuta. Aliupiga ule mluzi wenu, ukamshinda. Alipanga kuja Pasaka akueleze yote, na alisema nisimkataze. Hakuwakana. Aliogopa kufa, basi.

Yule mlinzi mwenye huruma mtafute. Atakuwa anajua walikowazika wale wasio na wenyewe. Sasa si wakati wa kuchimba, lakini utawala hauishi milele, na chuma nilichokitumia hakishiki kutu. Siku hiyo ikifika, mtafute taya lenye vigingi viwili mbele. Hakuna mwingine Uganda nzima niliyemfanyia.

Nimefikiri sana la kumwambia mama yako, nimeshindwa. Wewe utajua. Nakutumia kitu kimoja. Kabla sijamtoboa nilichukua alama ya mdomo wake kwenye nta, nikamimina plasta. Ni taya lake la chini, kama mlivyolijua ninyi, kabla sijaligusa. Pengo lipo, kama lilivyokuwa siku ulipomshika kichwa. Limekaa mezani kwangu karibu mwaka mzima. Ni lenu, si langu. Mkitaka kulizika, lizikeni, na padri asome jina lake lote.

Nimeandika kwa jina langu la ubatizo, ambalo huku haliruhusiwi, kwa sababu kwenye barua hii sitaki kuficha kitu. Plasta inavunjika upesi, kwa hiyo Mama Hortense ameifunga ndani ya vitenge vitatu. Ifungue polepole.

Ambroise Mushagalusa